Mwaka Mkumbuko Ulipochanua

1

Mwasiti Shekiondo alikuwa amerudi jana yake kutoka Tanga, alikokwenda kumuuguza binti yake Batuli baada ya kujifungua. Kitu cha kwanza alichofanya asubuhi ile, kabla hata ya kunywa chai, ni kwenda kuukagua mti wa mumewe. Ulikuwa peke yake kwenye kona ya juu ya bustani, mbali na mistari ya miti mingine. Kimo chake kilikuwa cha mtu mzima, na majani yake yalikuwa ya kung'aa, yametapakaa vidoa vyeusi. Alishika mkasi mdogo wa kukatia machipukizi. Akainua tawi, na chini ya jani akaona ua.

Lilikuwa moja tu, jeupe, halizidi punje ya mchele. Mtu aliyemwachia bustani kwa zile siku kumi alikuwa ameondoa matumba kwenye mistari yote mikubwa kama alivyoagizwa, akausahau mti wa kona.

Katika miaka thelathini na miwili ya bustani ya Kwemhafa, hapakuwa na mkumbuko, kama miti hiyo ilivyoitwa, hata mmoja ulioachwa uchanue. Vile vidoa vyeusi kwenye majani ni vijumba vya bakteria, na ni hao bakteria wanaotengeneza dawa. Mti ukiachiwa maua, hata kwenye tawi moja, bakteria huyahama majani na kukimbilia kwenye maua, ili waingie ndani ya mbegu na kuondoka na kizazi kipya. Majani yanabaki matupu, machungu, hayamfai mgonjwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtunza bustani ilikuwa kuyaondoa matumba kabla hayajafunguka, na kuongeza miti kwa vipandikizi peke yake.

Mwasiti alipaswa kulikata lile ua pale pale. Badala yake alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akalisogelea.

Ua la mkumbuko lina kijiti kimoja katikati kinachopokea chavua, na vijiti vitano vinavyoitoa. Kwenye michoro aliyosomea chuoni, iliyochorwa kutokana na mti mama wa bustani, kile cha katikati kilikuwa kirefu na vile vitano vimejificha chini. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Vile vitano vilisimama juu, na cha katikati kilikuwa kifupi, kimezama ndani ya ua.

Aliketi chini kwenye majani makavu. Mkumbuko ni wa jenasi ya Saikotria, ndugu wa mbuni wa kahawa, vichaka vinavyoishi chini ya kivuli cha miti mikubwa ya msituni, na wengi wa ukoo huo wana tabia moja: ua la kijiti kirefu halizai na la kijiti kirefu. Linazaa na la kijiti kifupi tu. Miti mingine yote mia mbili na kumi ya Kwemhafa ilitokana na mama mmoja wa kijiti kirefu, na miti hiyo ilikuwa inakufa.

2

Uozo wa mizizi ulikuwa umeonekana mwezi wa pili, kwenye mstari wa chini karibu na bomba la kunyunyizia ukungu wa maji. Mwanzoni walidhani ni maji kuzidi. Wakapunguza ukungu, wakapunguza giza la paa la kivuli, paa la vioo ambalo hujitia giza jua linapopanda, ili udongo ukauke. Haikusaidia. Kwa kuwa miti yote ilikuwa ya damu moja, ugonjwa ulioujua mmoja ulikuwa umeijua yote. Kufikia Machi ilibaki sitini na kitu mizima. Mwasiti alikuwa amepiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: miaka miwili, labda miwili na nusu.

Ukiacha Hemedi, mumewe, watu arobaini na mmoja walikuwa wakiishi pale juu mlimani kwa sababu ya majani hayo. Walikuwa na utando. Ni ugonjwa uliowashika baada ya zile homa za joto, miaka ambayo watu wa mabondeni walishinda ndani ya mapipa ya maji wakisubiri jua lishuke. Homa ziliwaachia ukungu kichwani uliozidi kuwa mzito, ukifuta kwanza majina, halafu nyuso, halafu njia ya kurudi nyumbani. Jani moja bichi, likitafunwa kila asubuhi, liliusimamisha utando pale ulipofika. Kilichokwisha kufutika hakikurudi. Likikauka halikuwa na kazi, na viwanda vilivyojaribu kuwafuga wale bakteria kwenye matangi viliambulia maji machafu tu. Walikuwa hawaishi nje ya jani, na jani halikuishi nje ya kivuli.

Hemedi alikuwa tofauti na wenzake. Siku ya kwanza alipotafuna jani la bustani, koo lilimvimba hadi akakaribia kukata roho. Ndipo Mwasiti aliposhuka na walinzi kwenye msitu wa chini, akatafuta kwa siku nne, akarudi na mkumbuko wa mwituni umefungwa mizizi kwa gunia. Huo, mwili wa Hemedi uliukubali. Miaka miwili baadaye msitu wa chini uliungua wote. Mwasiti aliwahi kujaribu vipandikizi vya mti ule mara kumi na moja, na havikushika mizizi.

Dokta Tumsifu Mrindoko, mganga mkuu wa Kwemhafa, alimsikiliza Mwasiti hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kuuliza neno gumu. Aliivua. Aliuliza kama haiwezekani kuchukua chavua ya mti wa Hemedi na kuipeleka kwenye miti mingine, ili hiyo ndiyo ibebe matunda, na mti wa Hemedi ukatwe maua mapema.

Mwasiti alikuwa amekwisha kulifikiria hilo njiani. Mbegu hupata bakteria kutoka kwa mama, akamweleza, si kutoka kwenye chavua. Na bakteria wa bustani, baada ya miaka thelathini ya vipandikizi, walikuwa wamesahau njia ya kuingia kwenye mbegu. Aliliona hilo kwa darubini, ndani ya matumba yaliyokatwa, miaka mingi nyuma, na halikumsumbua, kwa kuwa hakuna aliyehitaji mbegu. Mche ukiota bila bakteria unadumaa na kufa. Ni mti wa mwituni peke yake unaoweza kuwa mama. Chavua, hiyo ingetoka kwenye ile miti iliyokwisha kuoza mizizi, ambayo haikuwa ikimlisha mtu tena.

"Muda gani?" aliuliza daktari.

"Kuanzia sasa mpaka matunda yaive, miezi saba. Jani lake litakuwa tupu miezi yote hiyo."

Daktari alirudisha miwani. Alituma ndege za doria zipekue mabonde yote yaliyobaki na msitu, na kwa wiki mbili zilipekua, huku Mwasiti akikata matumba ya mti wa Hemedi na kujiambia kwamba bado hajaamua lolote. Hazikuona mkumbuko mwingine. Baada ya hapo daktari alimkumbusha sheria ya bustani, ingawa Mwasiti ndiye aliyesaidia kuiandika: mti unaomlisha mtu ni kama kiungo cha mwili wake. Hakuna wa kuuachia maua wala kuukata bila idhini yake, na idhini ni lazima itolewe akiwa na jani mwilini. Alisema angekwenda kuzungumza naye mwenyewe.

"Hapana, Daktari," Mwasiti alisema. "Nitamwambia mimi."

3

Hemedi Mntambo alikuwa mpima ardhi kabla ya kuugua. Alikuwa mtu wa kupenda mistari iliyonyooka, na hata nyumbani alikuwa akizipanga sahani kabatini kwa ukubwa. Utando ulikuwa umemlia miaka sita ya ujana wake na sura ya mama yake, basi. Mengine yote yalikuwa salama kwa sababu ya jani.

Mwasiti alimweleza wakiwa wanachambua mchicha kibarazani. Alimweleza kila kitu, pamoja na lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya ua: kwamba alitamani asingeliona. Hemedi aliendelea kuchambua. Aliuliza maswali ya kitaalamu kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake: mbegu ngapi, zitakazoota ngapi, zitakazohimili uozo ngapi. Mwasiti alijibu kwamba hajui, pengine moja katika kila tatu. Akauliza yeye atapoteza nini. Mwasiti akasema utando ukirudi baada ya jani kukosekana huanza na vya karibu. Mjukuu aliyezaliwa juzi. Halafu Batuli. Halafu yeye Mwasiti.

Hemedi aliweka bakuli chini.

"Mama Batuli," alisema, "wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Sijui. Na usinifanye nikujibie."

Alikaa siku tatu bila kulizungumza tena. Siku ya nne alikwenda mwenyewe kwa Dokta Tumsifu, akatia saini, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba ameruhusu. Alikuwa na sharti moja. Alijua kwamba miezi ikienda atakuja kuomba jani. Amewahi kumwona mtu aliyekosa jani, anajua hofu yake ilivyo. Alisema yule atakayekuja kuomba atakuwa yeye vile vile, si mtu mwingine aliyevaa nguo zake.

"Nikikuuliza, usinidanganye. Usiniambie linakuja kesho. Niambie ukweli wote, na unisikilize nitakachosema."

"Hata ukisema tuyakate?"

"Unisikilize," alirudia.

Mwasiti aliahidi. Aliahidi upesi, kama mtu anavyoahidi jambo ambalo bado liko mbali.

4

Mvua za masika zilipoanza, mti wa kona ulichanua kwa siku tano. Mwasiti alikuwa ameufanyia kazi mkumbuko miaka ishirini na hakuwahi kujua kwamba maua yake yananukia. Harufu ilikuwa ndogo, ya maziwa mabichi, na ilipatikana alfajiri tu. Watu wa bustani walipanda wawili wawili kuja kuunusa, wakasimama pembeni wakinong'ona kama waliofika kumtazama mzazi.

Hemedi ndiye aliyemshikia kibakuli cha chavua. Walishuka pamoja mpaka mstari uliooza, ambako miti iliyoachiwa maua ilikuwa imetoa vishada vya mwisho vya uhai wake, wakakusanya chavua kwa brashi ya unywele mmoja mmoja, kisha wakapanda nayo. Mwasiti aliingiza brashi ndani kabisa ya kila ua, pale kijiti kifupi kilipojificha, na Hemedi aliweka alama ya uzi kwenye kila kishada na kuandika namba. Waliyahudumia maua mia tatu na themanini. Zile siku tano walicheka sana, wenyewe hawakujua kwa nini. Labda kwa sababu jani lilikuwa limekwisha kuwa tupu na bado hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kilianza kuharibika wiki ya nne. Hemedi alisahau kwamba Batuli amejifungua, akaambiwa, akafurahi upya. Wiki iliyofuata akaambiwa tena, akafurahi tena. Mwezi wa sita Batuli alipanda mlimani na mtoto. Hemedi alimpakata mjukuu wake mchana kutwa, akamwimbia, na walipoondoka alimuuliza Mwasiti kama yule dada mwenye mtoto ni jirani.

Tangu walipomzaa Batuli, Hemedi hakuwahi kumwita mkewe kwa jina jingine ila mama Batuli. Batuli alipofutika, jina hilo likaondoka naye. Kwa siku kadhaa hakumwita kwa lolote. Alikohoa tu au kugusa meza ili ageuke. Halafu asubuhi moja, alipomwona akishughulika na vipandikizi, alimwita fundi. Mwasiti alikwenda nyuma ya ghala akalia, akanawa uso, akarudi na kuitika.

5

Mwezi wa nane ndipo alipoomba.

Matunda yalikuwa mabichi bado, magumu kama kunde, mia moja na arobaini yaliyosalia baada ya mengine kupukutika. Hemedi alikuwa na hofu tangu alipoamka. Alizunguka nyumba akifungua milango, na alipomwona Mwasiti alimshika mkono kwa nguvu.

"Fundi, kuna kitu nilikuwa nakula asubuhi," alisema. "Nikikila najisikia niko mahali. Kiko wapi?"

Dokta Tumsifu alikuwa amemshauri cha kumwambia. Karatasi ya Machi inatosha, alisema, sheria haidai zaidi. Huyu wa sasa hana jani mwilini, neno lake halihesabiki. Kumweleza ni kumtesa bure. Mwambie linakuja. Daktari hakuwa mtu mbaya, na Mwasiti aliona kwamba shauri lile lilitoka kwenye huruma.

Lakini alimkalisha Hemedi akamwambia ukweli wote. Alimwambia yeye ni mgonjwa, kwamba dawa yake ni jani, kwamba alikubali mwenyewe kulikosa ili mti uzae, na kwamba kuna watu arobaini na mmoja wanaoyategemea matunda hayo. Alimwambia kuwa yakikatwa leo, jani litarudi na dawa baada ya wiki tatu.

"Yakate," alisema Hemedi.

Alilisema bila hasira, kama mtu aliyeulizwa kama anataka maji. Mwasiti aliinuka. Akasema sawa. Aliingia ndani kuchukua mkasi. Hakuwa akijipa moyo kwamba atapata njia ya kukwepa. Alikwenda kwenye mti kukata, na Hemedi akamfuata nyuma, maana hakutaka kubaki peke yake.

Alikamata kishada cha kwanza. Hemedi akauliza, kwa udadisi tu, hao watu arobaini na mmoja wako wapi.

"Wako bwaloni. Saa hizi wanakula majani yao."

"Nataka kuwaona."

Wakashuka. Bwaloni watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na jani lake kwenye kisahani. Walimjua Hemedi, ndiye aliyewapimia mfereji wa maji na kuwapigania mahali pa kuzikia. Waliposikia kilichomleta waliyarudisha majani kwenye visahani. Mwasiti alitaka kumrudisha, akiona haya kwa ajili yao na kwa ajili yake, kwani ilikuwa kama kumleta mdai na wadaiwa mahali pamoja. Hemedi alikwenda benchi kwa benchi, akamuuliza kila mtu jina lake na kama ana watoto. Wakamjibu. Hakuna aliyemwomba chochote. Bi Nasemba, aliyekuwa mpishi wa shule huko Korogwe, alimsogezea kisahani chake, akamwambia, "Baba, kama lingekufaa hili, ningekupa." Hemedi alilitazama lile jani lenye vidoa, akalirudisha mbele yake kwa mikono miwili.

Alipofika kwa mtu wa mwisho alikuwa amekwisha kulisahau jina la wa kwanza. Alirudi kwa Mwasiti akiwa amechoka.

"Leo yaache," alisema. "Kesho uniulize tena."

6

Kwa hiyo alimuuliza. Kila asubuhi, akiisha kuoga na kunywa uji, Mwasiti alimkalisha na kumweleza mambo yote kuanzia mwanzo, maana kila asubuhi kwake ilikuwa habari mpya. Kisha alimpeleka bwaloni. Kisha alimuuliza. Ilichukua saa nzima na zaidi, na kazi nyingine za bustani zilidorora. Dokta Tumsifu mwanzoni hakupendezwa. Baada ya wiki moja alianza kuja naye, akakaa nyuma, akiisikiliza ile hadithi kama aliyekuwa hajawahi kuisikia.

Hofu ya Hemedi ilikuja na kuondoka. Kuna siku alikubali kabla Mwasiti hajamaliza kueleza. Kuna siku alilia kwanza. Siku moja alisema angependa kumwona huyo mwanamume aliyetia saini, amuulize alifikiri nini. Lakini jibu lilikuwa hilo hilo: leo yaache.

Isipokuwa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya Septemba, mvua ikinyesha. Alisikiliza, akaenda bwaloni, akarudi, akasema yakatwe. Mwasiti alisema amesikia. Akachukua mkasi akasimama mbele ya mti. Matunda yalikuwa yameanza kubadilika, kijani kikielekea manjano. Alisimama hapo hadi maji yakampenya mgongoni, na hakukata. Saa tisa alasiri alimkuta Hemedi ametulia, anatazama mvua, akamuuliza tena kana kwamba hajamuuliza. Hemedi akasema yaache.

Mara ya pili zilibaki siku kumi na mbili. Alikataa yaachwe asubuhi, akakataa na saa tisa. Mwasiti alimuuliza kwa mara ya tatu jua likizama, akiwa amemshika mikono, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikiomba. Hemedi alimtazama sana. Akasema, "Wewe unataka niyaache." Mwasiti akasema ndiyo. Akasema, "Basi fanya unavyotaka, fundi," akageuza uso ukutani.

Hayo hayakuwa maneno ya kuruhusu, na Mwasiti alilijua hilo. Hakukata.

Matunda yaliiva Oktoba, mekundu, laini, mia moja na tisa. Aliyachuma mwenyewe. Ndani ya kila tunda mlikuwa na mbegu mbili, zimetazamana ubapa kwa ubapa kama za buni. Siku ile ile aliyomaliza kuchuma, mti wa kona ulianza kutoa chipukizi, na wiki tatu baadaye Hemedi alitafuna jani lake la kwanza lenye dawa tangu Machi.

7

Katika mbegu mia mbili na kumi na nane, ziliota mia na sitini. Mwasiti alisubiri jozi ya tatu ya majani, akaiweka miche mmoja mmoja chini ya kioo. Vidoa vyeusi vilikuwepo. Miche ilipotiwa kwenye udongo wa mstari uliooza, mingi ilikufa, kama alivyotarajia. Hamsini na tatu ilisimama. Baadhi ingekuwa ya kijiti kirefu, mingine ya kifupi, na kuanzia hapo ingeweza kuzaana yenyewe kwa yenyewe. Habari zilipofika bwaloni, Bi Nasemba aliinama akashika sakafu kwa kiganja, akabaki hivyo.

Kwa Hemedi, utando ulisimama pale ulipofika. Batuli alikuja na picha na simulizi, na baba yake alimsikiliza kwa heshima ya mtu anayejifunza nchi ngeni. Alijua sasa kwamba Mwasiti ni mkewe wa miaka ishirini na saba. Aliyajua hayo kwa kuambiwa. Lakini kilichopita kuanzia Oktoba alikishika chote, na alikishika kwa bidii. Alianza kuzipanga tena sahani kabatini.

Mwasiti alimwachia miezi minne apate nguvu. Kisha, asubuhi moja wakiwa wanahamisha miche kwenye viroba, alimwambia habari ya zile siku mbili. Hakuzipamba. Alimwambia kwamba alimuuliza mara ya pili saa tisa kwa sababu hakulipenda jibu la asubuhi. Alimwambia kwamba ile siku nyingine alimuuliza mara tatu, akamlemea kwa kumsihi, na alichosema mwishoni hakikuwa ruhusa. Alimwambia aliahidi kumsikiliza, na hakumsikiliza.

Alimwambia pia kwamba ameomba sheria ya bustani ibadilishwe. Mtu yeyote ambaye mti wake utaachiwa maua ataulizwa kila siku hadi mwisho, hata asipokuwa na jani mwilini, na akikataa, jibu hilo ndilo la siku ile, haulizwi tena. Na atakayemuuliza asiwe mke wala mume wala mtoto. Dokta Tumsifu alikuwa ametia saini wa kwanza.

Hemedi alikuwa ameshika mche mkononi, mizizi yake ikining'inia. Aliuliza kama Mwasiti angeyakata matunda ile siku ya kwanza, miche hii yote ingekuwa wapi. Mwasiti akasema isingekuwepo. Akauliza yeye angekuwa amebaki na nini.

"Septemba ulikuwa bado unamkumbuka baba yako," Mwasiti alisema. "Na harusi yetu, kidogo. Ulikumbuka kwamba mvua ilinyesha."

Hemedi aliuingiza mche kwenye kiroba, akaujazia udongo kwa vidole, akaukandamiza taratibu pembeni ya shina kama alivyofundishwa.

"Mimi nakusamehe," alisema mwishoni. "Ningekuwa na akili zangu ningekwambia usiyaguse. Lakini yule aliyegeuza uso ukutani, siwezi kumsemea."

"Najua," alisema Mwasiti.

Hemedi alivuta kiroba kingine. Akamnyooshea mkono ampe mche unaofuata, naye akampa.